Nyuzi za Kioo Ndani ya Jumba



Mimi ni kijana wa Dzaleka, wilaya ya Dowa, mahali palipopokea wakimbizi tangu mwaka 1994. Kwa muda nilimsaidia fundi mmoja wa simu mjini Lilongwe, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka kwetu. Nataka kuwaeleza nilichojifunza huko.

Siku moja tulifanya kazi katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jumba la zege. Nilipotoka jioni, simu yangu ililia mfululizo: ndugu yangu alikuwa amenitafuta mara saba. Mama alikuwa mgonjwa tangu asubuhi, nami sikujua. Nikamwuliza fundi, "Bwana, mnara tunauona pale ng'ambo ya barabara, mbona simu haikuniingilia?"

Akanijibu, "Mwanangu, zege na chuma hula mawimbi ya redio. Kwenu Dzaleka ukikosa mawimbi hutoka mlangoni. Hapa mlango uko juu yako."

Dawa yake ni hii. Taa moja ya uani haiangazi vyumba vyote. Kila chumba hutaka kibatari chake. Vivyo hivyo, mafundi hutundika antena ndogo darini katika kila ghorofa. Lakini mawimbi yatafikaje kwenye antena hizo?

Waya mnene wa shaba hupoteza mengi njiani. Katika waya wa koaksi wa unene wa nusu inchi, mawimbi ya megahezi 2100 yakienda mita 100, nguvu inayofika haitimizi hata sehemu moja ya kumi. Katika uzi mzuri wa kioo, nuru hupita kilomita nzima na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi hufika. Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, ndiye aliyeonyesha mwaka 1966, akiwa Uingereza pamoja na George Hockham, kwamba kioo kikisafishwa vema kitachukua habari mbali. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikatengeneza kioo cha namna hiyo, na mwaka 2009 Kao akapewa tuzo ya Nobel.

Basi kazi huenda hivi. Katika chumba cha mitambo, mtambo hupokea mawimbi ya kampuni ya simu na kuyageuza kuwa nuru ya leza. Nuru hupanda ndani ya nyuzi mpaka kila ghorofa. Huko kisanduku huigeuza kuwa mawimbi tena, na waya mfupi wa shaba huyafikisha kwenye antena. Sauti ya mwenye simu hurudi kwa njia iyo hiyo.

Atakayetandaza nyuzi hizi ashike sheria nne:

1. Usiikunje kebo. Pindo lisiwe kali: nusu kipenyo chake kisipungue mara kumi ya unene wa kebo, na wakati wa kuivuta mara ishirini.

2. Usiunganishe konekta ya kijani na ya bluu. Ncha ya kijani imekatwa mshazari, nyuzi 8, hazitagusana sawasawa.

3. Usichungulie ncha ya uzi. Nuru yake haionekani, nayo yaweza kuharibu jicho.

4. Safisha kila ncha kabla ya kuiunganisha.

Sheria hii ya nne niliivunja mimi. Niligusa ncha kwa kidole, nikaiunganisha hivyo hivyo. Ghorofa moja ikawa kimya, tukatafuta kosa saa mbili. Njia ya nuru katikati ya uzi ina upana wa maikromita 9 hivi, na milimita moja ni maikromita 1000. Mafuta ya kidole changu yalitosha kuiziba. Fundi hakunigombeza, alinipa kitambaa safi, akasema, "Sasa futa."

Kazi ilipokwisha nilishuka peke yangu mpaka ile ghorofa ya chini, nikapiga simu nyumbani. Mama, ambaye alikwisha kupona, akapokea. "Uko wapi, mwanangu?" "Niko chini ya ardhi, mama." Akacheka, hakuniamini.

Ndugu zangu, msidharau kazi ya kufuta vumbi. Huenda anayesubiri kusikiwa upande wa pili ni mgonjwa.