Chakula cha Nyumba na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kukilisha kila kiumbe. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Somo hili ni la chakula cha kila siku, nalo limeelekezwa hasa kwa wanaume wenye nyumba, kwani wao ndio watiao mkono mfukoni, na wao ndio watakaoulizwa.

FASLI YA KWANZA: Hukumu ya kula

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wale vilivyomo katika ardhi, akaweka sifa mbili: kiwe halali, na kiwe twayyib. Ibn Kathir amefasiri twayyib kuwa ni kile kipendezacho chenyewe, kisichodhuru mwili wala akili. Basi sifa ni mbili, walakin wengi hushika moja. Mtu wa Temeke au Kinondoni akiuziwa nyama huuliza imechinjwa na nani, na hufanya vyema. Lakini hamuulizi muuza chipsi mafuta yake yamekaangia mara ngapi, wala hajiulizi chupa ya soda ina sukari kiasi gani.

Tena katika Suratul Aaraf, aya ya 31, imeamrishwa kula na kunywa, ikakatazwa israfu. Na katika hadithi ya Miqdam bin Maadi Karib R.A., aliyoipokea Tirmidhi, Mtume S.A.W. amebainisha ya kuwa binadamu hajazi chombo kilicho kibaya kuliko tumbo. Vinamtosha vijitonge vya kumsimamisha mgongo, na akiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema: kula kupita kushiba katika mali yako mwenyewe ni makuruhu, na kukijulikana kuwa kutadhuru huwa ni haramu. Basi aliyekatazwa kitu na tabibu kwa maradhi yake, naye akakila kwa inadi, asiseme, “Hiki ni halali.” Ni halali kwa mwingine, kwake yeye kina hukumu nyingine.

FASLI YA PILI: Unga

Sahl bin Saad R.A. aliulizwa kama Mtume S.A.W. aliona mkate wa unga mweupe uliochekechwa. Akajibu ya kuwa hakuuona tangu alipotumwa hata alipofishwa, wala hakuona chekecheo. Akaulizwa, basi shairi ikiliwaje bila ya kuchekechwa? Akaeleza kuwa ikisagwa, ikapulizwa, kikaruka cha kuruka, na kilichobaki kikatiwa maji kikaliwa. Khabari hii imo katika Bukhari.

Leo katika mashine za Tandika na Tandale mahindi husagwa namna mbili. Dona husagwa pamoja na ganda na kiini chake. Sembe hukobolewa kwanza, kisha husagwa. Katika ganda na kiini ndimo mlimo sehemu kubwa ya makapi yanayosaidia tumbo, na mafuta na vitamini za nafaka. Mwenye kukoboa hutupa faida, akabakisha wanga. Watu huita sembe chakula cha waungwana kwa weupe wake, na weupe haushibishi damu.

Lakini dona ina shuruti yake: mahindi yawe makavu, safi, yasiyo na ukungu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua, na wengine wakafa, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Basi mahindi yaliyoota ukungu yasinunuliwe, hata yakiwa rahisi.

FASLI YA TATU: Kitoweo

Anas bin Malik R.A. amesimulia kuwa alimwona Mtume S.A.W. katika karamu ya fundi cherehani akiyafuata maboga pande zote za sahani. Na Anas akayapenda maboga tangu siku ile. Na katika hadithi ya Jabir R.A., aliyoipokea Muslim, Mtume aliomba kitoweo, ikaonekana kuwa nyumbani mna siki tu, naye akaisifu. Humo mna mafundisho mawili: mboga si chakula cha kudharauliwa, na kitoweo kidogo hakimwondolei mtu heshima.

Mwenye nyumba wa Mbagala au Mwananyamala hana haja ya kwenda mbali. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga vimo sokoni mwaka mzima. Maharage, kunde, choroko na mbaazi hujenga mwili kama nyama, kwa bei iliyo chini yake. Dagaa aliwaye pamoja na mifupa yake huupa mwili wa mtoto chokaa ya mifupa. Papai na embe vina vitamini A, inayolinda macho.

Tena yako mambo madogo yasiyo na gharama. Mboga ioshwe kwanza, ndipo ikatwe. Isichemshwe sana, wala maji yake yasimwagwe, kwani faida humwagika pamoja nayo. Mafuta kidogo au tui kidogo huusaidia mwili kuipokea vitamini A. Ndimu ikamuliwe juu ya mchicha au maharage, kwani huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula hicho, kwani huyazuia madini hayo. Ingojewe saa moja.

FASLI YA NNE: Sukari, chumvi na mafuta

Uchunguzi wa vijiji vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye maradhi ya sukari ni karibu mtu 1 katika watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 mpaka 64, ulikuta yapata 9 katika 100, na robo ya watu wana shinikizo la damu. Chunguzi hizi mbili hazikuwa sawasawa kwa namna ya kupima wala kwa mahali. Hata hivyo mwendo wa jambo unaonekana.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kutiwa isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikipungua hata 25 ni bora zaidi. Sasa na ihesabiwe. Kijiko kidogo ni yapata gramu 4. Vikombe 2 vya chai, kila kimoja vijiko 3, ni gramu 24. Chupa ya soda ya mililita 300 ni yapata gramu 30. Jumla ni 54, na kaimati na visheti bado havijaguswa. Chumvi nayo isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua.

Na katika mwezi wa Ramadhani hali huzidi. Mtu hufunga mchana, kisha magharibi hukusanya sambusa, bajia, kaimati, tambi za sukari na pilau katika saa moja. Suna ni kufuturu kwa tende au maji, kisha kusali, kisha kula kwa kiasi. Uji, maharage na muhogo wa kuchemsha vyatosha kuwa futari.

FASLI YA TANO: Haki ya wenye kulishwa

Hapa ndipo penye uzito wa somo. Wako wanaume watokao alfajiri kwenda Kariakoo au bandarini. Asubuhi hunywa supu na chapati. Mchana hula wali na samaki. Jioni husimama penye mkaa, wakala mishkaki. Nyumbani wameacha fedha ya unga na majani ya chai. Baba hurudi ameshiba, na watoto wamelala na ugali kwa chai. Asubuhi hustaajabu mbona mtoto wa chuo hashiki herufi.

Na ajue ya kuwa katika madhehebu ya Shafii nafaqa ya mke ina kipimo: tajiri mudi 2 kwa siku, wa kati mudi 1 na nusu, maskini mudi 1, katika chakula cha mji, na mudi ni robo ya swaa itolewayo kwa kichwa kimoja katika Zakatil Fitri. Lakini wanavyuoni hawakuishia kwenye nafaka. Wamewajibisha na kitoweo cha mji, na nyama kwa kadiri ya hali ya mume na ada ya watu, na gharama ya kusaga na kupika. Ama watoto, haki yao ni kiasi cha kuwatosha. Na mtoto haambiwi ametoshwa kwa kujaa tumbo tu, hali mwili haukui. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022, yapata watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa.

Hindu binti Utba R.A. alimshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa ubakhili, Mtume S.A.W. akampa ruhusa achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Imo katika Bukhari na Muslim. Lau ingekuwa ni hisani ya mume tu, asingeruhusiwa kuchukua.

SUALI: Je, mwenye kipato kidogo afanyeje?
JAWABU: Suratut Talaq, aya ya 7, inaamrisha kila mtu atoe kwa kadiri ya alichopewa. Hakutakiwa kununua nyama kila siku. Bei ya mishkaki na soda ya jioni moja yaweza kununua maharage na fungu la mchicha, wakala watu wote wa nyumba.

SUALI: Je, pilau na maandazi ni vibaya?
JAWABU: La. Ni halali, na kumkirimu mgeni ni suna. Kibaya ni kukifanya cha karamu kuwa cha kila siku.

KHATIMA

Kwa ufupi: achague dona safi kuliko sembe, jungu lisikose mboga wala jamii ya kunde, apunguze sukari, chumvi na mafuta, aache kabla ya kushiba sana, na asile barabarani kilicho bora kuliko alichokiacha nyumbani. Kabla ya kununua chakula cha njiani, na ajiulize: je, waliomo nyumbani wamepata mfano wake? Jawabu atakayoitoa leo kwa siri ndiyo atakayoulizwa kesho hadharani.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki iliyo halali na iliyo njema, na atupe siha sisi na wale waliowekwa chini ya mikono yetu. Amin.