Nywele nyekundu: muulize mteja kwanza, hela baadaye

Somo la leo ni la wenye saluni na maduka ya vipodozi, hasa sisi wa miji midogo. Mimi niko hapa Peramiho, nina duka la vipodozi na viti viwili vya saluni kwa nyuma. Sijasomea saluni chuoni. Nilimaliza form four, nikajifunza kwa kuangalia wenzangu na kwa kukosea. Hili la leo nilijifunza kwa kukosea.

Ilikuwa Desemba, msimu wa harusi. Ijumaa mchana akaja binti mmoja, kesho yake dada yake anaolewa. Akanionyesha picha kwenye simu, nywele nyekundu za kuwaka kabisa. "Dada, nataka hivi hivi." Nikamwambia hakuna shida, elfu ishirini na tano. Sikumuuliza kitu kingine. Kumbe Jumatano alikuwa ameweka dawa nyumbani. Mi nikachanganya blichi na peroksaidi kali kuliko zote nilizokuwa nazo, nikapaka. Wakati wa kusuuza nywele zikaanza kubaki mkononi, zimelegea kama ndevu za mahindi mabichi.

Nilirudisha hela yote. Harusini alienda amefunga kilemba. Peramiho ni ndogo, Jumapili kanisani watu walishajua. Karibu miezi mitatu sikupata hata mteja mmoja wa rangi, na wa kuweka dawa nao wakapungua. Kwa hiyo hasara haikuwa ile 25,000 tu, ni wale wote ambao hawakuja.

Sasa twende kwenye somo.

1. ELEWA KINACHOTOKEA KICHWANI

Weusi wa nywele zetu unatokana na melanini. Rangi ya kudumu inafungua magamba ya nje ya unywele, peroksaidi inapunguza weusi, halafu rangi mpya inakaa ndani. Blichi yenyewe haiweki rangi, kazi yake ni kuondoa weusi tu.

Nywele nyeusi ikiondolewa weusi inapita kwanza kwenye kahawia yenye wekundu, kisha nyekundu, kisha chungwa, mwisho njano. Maana yake sisi wekundu tunao tayari, upo chini ya weusi. Mteja akitaka ile nyekundu ya damu ya mzee, huhitaji blichi. Rangi ya kudumu na peroksaidi ya 20, ambayo kwenye chupa huandikwa pia 6%, kwa wengi inatosha. Nyekundu ya kuwaka kama pilipili ndiyo inayodai blichi, na hapo ndipo nywele zinapoumia.

Kumbuka pia kwamba dawa ya kulainisha inavunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu. Ukiongeza blichi juu yake umeuvunja mara mbili.

2. MASWALI MANNE, ANDIKA KWENYE DAFTARI

Mara ya mwisho uliweka dawa lini? Kama wiki mbili hazijapita, mwambie asubiri. Na blichi juu ya nywele zenye dawa mimi siku hizi sifanyi kabisa.

Umewahi kupaka hina, piko au rangi nyingine? Hina halisi haina shida, ila baadhi ya hina za pakiti zimechanganywa na chumvi za madini. Zikikutana na peroksaidi zinaweza kupata moto na kukata nywele. Piko nyeusi nayo mara nyingi ina PPD, kemikali iliyomo pia kwenye rangi nyingi za kudumu. Mtu aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa piko, usimpake rangi.

Kichwani kuna kidonda au mkwaruzo? Kama kipo, hapana.

Shughuli yako ni lini? Kama ni kesho, hiyo siyo kazi ya rangi. Hakuna muda wa kupima wala wa kurekebisha.

3. PIMA KABLA

Paka rangi kidogo nyuma ya sikio, subiri saa 48. Akiwashwa au akivimba, basi. Kata pia nywele chache sehemu isiyoonekana, zipake mchanganyiko wako, halafu zivute zikiwa zimelowa. Zikivutika kama mpira au zikikatika, kazi hiyo usiifanye hata akikuongezea hela.

4. UNAPOPAKA

Tumia bakuli la plastiki, siyo la bati. Vaa glavu. Paka vaselini kwenye paji la uso na masikio. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye boksi, usiongeze tano zako. Mchanganyiko ukibaki mwaga, usiufunge kwenye chupa kwa ajili ya kesho. Na ukifuata mzigo Songea mjini au Kariakoo, angalia tarehe ya mwisho na kama kifuniko kimeguswa. Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, tangu 2019.

5. MWAMBIE UKWELI KUHUSU NYEKUNDU

Nyekundu inapauka haraka kuliko rangi nyingi. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, watu wanaosha kichwa kwa maji ya moto, na rangi inaondoka nayo. Mwambie atumie maji ya uvuguvugu, asioshe kila siku, na juani afunge kitambaa. Ukimwambia mapema hatakuja kukulaumu.

6. AKIJA NA NYWELE ZILIZOHARIBIKA

Hapa kuna biashara nzuri, ila usimdanganye. Unywele uliokatika haurudi kuwa mzima. Unachofanya ni kulinda uliobaki mpaka mpya uote, na nywele zinaota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi.

Anza kwa kupunguza ncha zilizochanika. Halafu stimingi yenye unyevu kila baada ya wiki mbili, dakika 20 hadi 30. Zile za protini fanya mara mojamoja, zikizidi nywele inakauka na kukatika kama kijiti. Yai na parachichi vinalainisha kwa juu tu, havijengi ndani. Mafuta yapakwe nywele ikiwa na unyevu, kwa sababu yanafungia maji, hayaleti maji. Pasi ya nywele aiweke pembeni, asisuke za kubana, na dawa wala rangi asiguse mpaka nywele zipate nguvu. Usiku afunge kitambaa cha kuteleza.

7. HESABU

Kazi moja ya damu ya mzee kwangu: rangi na peroksaidi 8,000, shampuu na tritimenti 3,000, glavu, maji na umeme 1,000. Natenga 3,000 ya stimingi moja atakayorudi kufanya baada ya wiki mbili. Jumla 15,000. Nachaji 25,000, inabaki 10,000 ya muda wangu na kodi. Ile stimingi mteja anaona ni zawadi, kumbe imo kwenye bei, na mimi napata nafasi ya kuona kazi yangu inaendeleaje.

Na anayeng'ang'ania nyekundu ya kuwaka? Muuzie rasta nyekundu au wigi, msuke bila kubana. Anapendeza kwenye picha, nywele zake ziko salama chini, na wewe umeuza bidhaa dukani na umepata hela ya kusuka.

Yule binti nilimfanyia stimingi bure kila wiki mbili kwa miezi sita. Nywele ziliota, na mpaka leo ni mteja wangu, ingawa rangi hataki hata kuisikia. Mama yake nikimwamkia anaitikia, ila akiwaelekeza watu dukani kwangu anasema "kwa yule aliyemnyoa mwanangu." Nimekubali. Kila mteja wa rangi akikaa kwenye kiti, daftari linatoka kwanza.

Wewe mdau, ulishawahi kumkatalia mteja mwenye hela mkononi? Ulimwambiaje? Andika hapo chini tujifunze wote.