Kumpiga Picha Ndege Mweusi Kivulini

Aliyenisukuma kuandika haya ni mtalii mmoja mwenye spika. Tulikuwa La Digue, Shelisheli, ndani ya hifadhi ya Veuve, chini ya mikungu na mitondoo. Mbele yangu alitua dume la vev (Terpsiphone corvina), mweusi tii, mkia mrefu kuliko mwili. Yule bwana akabonyeza simu, spika ikatoa mlio wa ndege mwenzake. Dume akaacha kuwinda wadudu, akawa anaruka tawi hadi tawi akimsaka mvamizi asiyekuwepo. Nilikasirika mno. Ndege huyu hutaga yai moja tu; asubuhi ya kugombana na simu ni asubuhi aliyonyang'anywa. Mlinzi wa hifadhi alikuja, akaamuru spika izimwe, ikazimwa. Nikamshukuru mbele ya watu wote.

Haya, maelekezo. Boti ya kutoka Praslin, baiskeli ya kukodi, maji, dawa ya mbu. Darubini, ya kukuza mara 8. Kuna muuzaji Kariakoo aliyenikomalia nichukue ya mara 20, eti kubwa ndiyo bora. Nilimkatalia. Msituni hiyo inatikisika na kiza kinazidi, na muuzaji anayesifia namba bila kuuliza unakwenda kutazama nini hafai kupewa pesa.

Kazi yenyewe ni mwanga. Ndege akiwa na anga nyuma yake, kamera huona weupe wa anga, hupunguza mwanga, nawe unapata kivuli chenye mkia. Ukilazimika kupiga hivyo, ongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi. Lakini afadhali usipige. Zunguka taratibu mpaka jua liwe mgongoni kwako na nyuma ya ndege pawe na majani mazito. Hapo usiongeze kitu. Subiri ageuke: ule weusi una buluu ndani yake, na buluu hiyo huonekana pale tu mwanga unapompiga kwa pembe yake. Nilipoipata, manyoya yaling'aa kama chuma kipya, nikapiga kelele ya furaha moyoni. Jike, mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, hahitaji hangaiko hilo.

Ukimkosa La Digue, jaribu Curieuse, jirani ya Praslin. Mwaka 2008 ndege 23 walihamishiwa kisiwa cha Denis, na mwaka 2018 wengine wakapelekwa Curieuse. Spika iache nyumbani.