Kwenye Sarufi ya SAT, Usiliamini Sikio

Wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi mnaojiandaa na SAT au ACT ili kuomba vyuo vya Marekani. Wengi wenu hesabu mnaziweza. Kinachowatoa jasho ni maswali ya sarufi ya Kiingereza, machaguo manne na yote yanasikika sawa. Dada nasema: acheni kuyasikiliza. Masikio yetu yamelelewa na Kiswahili. Karibu kila swali la aina hii lina neno linalotoa amri ndani ya sentensi, yaani linaloamua umbo la jibu. Litafute hilo kwanza.

Tuanze na orodha. "She enjoys reading, writing and to swim." Wawili wa mwanzo wamevaa -ing, wa tatu kaja na to. Mvalishe sare: swimming. Hapa Kiswahili kinatubeba, maana hakuna anayesema "anapenda kusoma, kuandika na anaogelea". Kazi iko kwenye jozi kama "not only… but also" na "either… or": umbo linalofuata neno la kwanza ndilo lifuate la pili. "She is not only a nurse but also sings" imepinda. Sema "a nurse" na "a singer". Angalia na ulinganisho: "Rents in Mombasa are lower than Nairobi" inalinganisha kodi na mji. Sahihi ni "than those in Nairobi".

Kwenye nyakati, Kiswahili kinatuponza mara tatu.

Kwanza, sisi husema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Mtihani haukubali "has arrived yesterday". Ukiona yesterday, last year au in 1964, chagua arrived. Has ina nafasi yake ukiona since 1964.

Pili, "alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi". Wakati tumeutaja mara moja tu, -ka- ikamaliza kazi. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi kijibebee wakati wake: went, bought, returned.

Tatu, "ningejua, ningekuja". Pande zote mbili zinafanana, basi mtu anaandika "If I would have known, I would have come". Kosa! Upande wa if ni had known. Would ibaki upande wa pili. Had hiyohiyo hupendwa na "by the time": "By the time the ferry left, the rain had stopped." Mvua ilitangulia kukatika, ndiyo maana ikapewa had.

Je, utajuaje unaulizwa nini? Yakodolee machaguo. Ukiona kitenzi kimoja kimegeuzwageuzwa, writes, write, wrote, had written, hakikisha kwanza umoja na wingi vinaelewana na kiima, kisha tazama vitenzi vya sentensi jirani vimesimama wakati gani.

Muda nao uuheshimu. SAT ya kompyuta, ambayo nje ya Marekani ilianza 2023, inakupa maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64. Ukiyamaliza ya sarufi haraka, unabaki na dakika za vifungu vigumu. Na usiache swali tupu, kwa sababu jibu baya halikatwi alama.

Kwa kaka na dada wanaotafuta GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara: toleo jipya lililoanza mwishoni mwa 2023 limeondoa sehemu ya kusahihisha sentensi. Usitupe hela kwa kitabu cha zamani kwa ajili ya sehemu hiyo.

Sasa kazi ya wiki hii: fungua Bluebook, programu ya bure ya wenye SAT, ufanye jaribio moja. Kila swali la sarufi, andika pembeni neno lililotoa amri. Usipoliona, lirudie swali hilo, hata kama jibu ulilipata.