DARSA YA IJUMAA: MAPENZI YA VIJANA NA HAKI YA WAZAZI KATIKA NDOA

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, baba zetu, mama zetu na vijana wetu,

Leo tunasoma jambo linalogombanisha nyumba nyingi. Kijana na binti wanajuana kwa telefone, wanapendana, kiisha wanawajulisha wazazi. Baba anasema: «Huyu si wa kabila letu.» Ama wajomba wanaandika orodha ndefu: mbuzi, vitenge, suti ya baba, na dola ambazo kijana hana. Mwaka unapita, na binti anaonekana na mimba. Ndipo kila mtu anauliza: kosa ni la nani? Tutazame vile Mtume (s.a.w.) alivyoamua.

1. Mzazi asizuie ndoa kwa hasira. Maaqil bin Yasar alimwoza dada yake. Mume akamwacha, eda ikaisha, kiisha akarudi kumposa tena. Maaqil akaapa hatamrudishia, na dada alikuwa bado anamtaka. Ikateremka aya ya 232 ya Sura Al-Baqara, inayowakataza mawalii kuwazuia wanawake wakipatana na waume zao kwa wema. Maaqil akatii, akamwozesha. Habari hii imo katika Bukhari. Na kuhusu kabila: Fatima bint Qais alikuwa Mkuraish, naye Mtume (s.a.w.) alimshauri aolewe na Usama bin Zaid, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kwanza hakupenda, kiisha akakubali, na akapata heri.

2. Mzazi asilazimishe. Khansa bint Khidam alikuwa mjane. Baba yake alimwoza mtu asiyemtaka. Alipomshitakia Mtume (s.a.w.), ndoa ile ilivunjwa. Bikira naye huombwa idhini, na kunyamaza kwake ni idhini. Lakini kulia na kukataa chakula si kunyamaza! Hata sheria ya familia ya inchi yetu inataka kila mmoja akubali mwenyewe, na awe ametimiza miaka 18.

3. Kijana naye asilazimishe. Mughith alimpenda sana Barira, mtumwa aliyepata uhuru na akachagua kuachana naye. Mughith alimfuata katika njia za Madina, machozi yakishuka katika ndevu zake. Mtume (s.a.w.) akamwombea kwa Barira. Barira akauliza: ni amri? Akajibiwa kwamba ni maombezi tu. Akakataa, na hakuna aliyemlaumu. Basi mapenzi si deni ambalo mwingine analazimika kulipa. Tena, vijana, mapenzi ya kweli yanapita mlangoni. Mwenye kuandika ujumbe usiku kucha lakini anaogopa kumsalimu baba wa binti, huyo hajatafuta ndoa. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hakuna nikaha bila walii. Walii akikatalia bila sababu ya sheria, njia ni kwenda kwa kadhi ama wakubwa wa msikiti, si kutoroka.

4. Mahari ni ya nani? Aya ya 4 ya Sura An-Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni mali ya mke, si ya baba wala mjomba. Sheria ya familia ya 1987 inataja mali inayotolewa kwa faida ya wazazi wa binti. Tusichanganye mambo haya mawili. Zawadi ya wazazi iwe nyepesi, na mahari ya binti yatajwe mbele ya mashahidi na yafike mkononi mwake. Mtume (s.a.w.) alimwozesha mtu ambaye hakupata hata pete ya chuma, kwa Qurani aliyoihifadhi.

Basi baba, kijana akibisha mlangoni kwako, uliza dini yake, tabia yake na kazi yake. Ukikataa, mwambie binti sababu ambayo unaweza kuisema mbele ya Mungu. Ukikubali, usiweke mzigo unaorudisha watoto katika zinaa.

Ee Mola, zitengeneze nyumba zetu, uwape wazazi hekima na vijana subira. Amin.

Wabillahi taufiq.