Kutoka Kikwe Hadi Pwani: Vidokezo 9 vya Kuchagua Matembezi

Shule zikifungwa Juni au Desemba, familia za Kikwe, Usa River na Tengeru zinazoweza huteremka pwani. Sisi wa chini ya Mlima Meru tunaujua utalii kwa upande wa mwenyeji, maana ni nadra kukosa ndugu au jirani ambaye ni dereva wa safari, mpagazi au mpishi wa kambi. Pwani mambo hugeuka, wageni tukawa sisi. Hata mabegi hayajatua chini, umeshatajiwa matembezi kumi: pomboo, viungo, kisiwa, msitu, machweo. Siku zako ni nne, na fedha ni zile ulizodunduliza mwaka mzima. Uchague vipi? Haya ndiyo ninayowaambia majirani wakiniuliza.

1. Uliza maji kwanza, bei baadaye.
Mtu aliyelelewa kwenye mfereji anajua kwamba maji yana zamu. Bahari nayo ina zamu yake: hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila kukicha saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na kwenye pwani yetu hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na saa nne hiyo hiyo bahari huwa imejaa. Kwa hiyo siku za bamvua nenda asubuhi ukatembee juu ya mchanga ulioachwa wazi Jambiani au Paje, uone akina mama wakishughulikia mwani wao. Ukitaka kuogelea huko asubuhi, ngoja maji mafu. Mara yangu ya kwanza sikuuliza. Tulifika ufukweni saa nne na watoto wamekwisha kuvua viatu, na bahari tukaiona kwa mbali kama mstari wa buluu. Ukipenda kuogelea saa yoyote, Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, maji hayaendi mbali.

2. Ujue upepo wa msimu wako.
Juni ni kusi: hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo, lakini upande wa mashariki bahari huchafuka. Matembezi ya mashua yafanyie upande wa magharibi, au uondoke mapema kabla upepo haujashika. Desemba kaskazi huanza kuingia, joto hupanda, na mvua za vuli huenda zikawa bado zinamalizikia. Machi hadi Mei ni masika. Vyumba huwa rahisi, ila matembezi ya bahari yanaweza kuahirishwa siku yoyote, basi usilipe yote mapema.

3. Chagua kile ambacho nyumbani hakipo.
Mlima, maporomoko na twiga tunavyo hatua chache kutoka mlangoni, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Pwani tafuta cha pwani. Msitu wa Jozani, ulioingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, una kima punju, mnyama wa visiwa vya Zanzibar pekee. Waonyeshe watoto mgongo wake mwekundu, kisha wakumbushe mbega mweusi na mweupe wa Ngurdoto: ni jamaa wa ukoo mmoja waliotenganishwa na bahari. Shamba la viungo nalo ni darasa. Mtoto anayeijua karafuu ndani ya pilau tu atashangaa kukuta ni kichipukizi cha ua, huchumwa kabla hakijachanua.

4. Siku nne, matembezi mawili.
Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapanga pomboo alfajiri, msitu mchana, mji jioni, na watoto wanarudi na uchovu tu. Chukua moja la baharini na moja la nchi kavu, siku zilizobaki ziwe za mchanga na madafu. Ukiwa Unguja, bahari iwe kisiwa cha Changuu, takriban nusu saa kwa boti kutoka Forodhani. Kobe wakubwa wa huko wanatokana na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jengo lililokusudiwa kuwa gereza likaishia kuwa karantini. Nchi kavu iwe Mji Mkongwe kwa miguu. Anzia Darajani sokoni, nenda Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, umalizie Forodhani jioni. Mkunazini usipite mbio. Wengi waliouzwa pale walitoka bara, na sisi ni wa bara.

5. Bei isiyo na maelezo si bei.
Tunajua kupatana, soko la Tengeru limetufundisha. Lakini usipunguze bei kabla hujajua unanunua nini. Uliza: chombo ni chetu peke yetu au tunachanganywa na wengine? Kiingilio kimo? Chakula, maji ya kunywa, miwani ya majini? Mtoto analipiwa kiasi gani? Tukichelewa kurudi, usafiri ni wa nani? Beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa hifadhi zetu zina kiingilio cha raia kwa shilingi, chini sana ya kile cha mgeni wa nje.

6. Nenda na mwenyeji wa kweli.
Mji Mkongwe utakutana na papasi, vijana wanaowafuata wageni njiani wakinadi kila kitu. Mwongozaji halali Zanzibar husajiliwa na Kamisheni ya Utalii na huwa na kitambulisho, basi omba kukiona, kwa adabu. Akishaonyesha, mpe heshima ile ile unayotaka mwanao apewe anapopandisha wageni mlimani. Lugha ni moja, tena ya kwao imenyooka kuliko yetu: salimu kwa utulivu, uliza habari za watu kabla ya habari za boti. Vijijini na mjini funika mabega na magoti, kanga moja mkobani inatosha. Mfungo wa Ramadhani ukiwadia, usile hadharani mchana.

7. Jaketi okozi ni la kuvaliwa.
Watu wengi wa mlimani hatujui kuogelea, na si aibu kulisema mbele ya nahodha. Kabla ya kupanda, hesabu majaketi na hesabu vichwa, na ya watoto yawe ya kipimo chao. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Nahodha akisema leo bahari si nzuri, mshukuru na mkae. Na viatu vya plastiki usisahau, kwani miamba ya matumbawe hukata, na viumbe wenye miiba mirefu myeusi hukaa humo humo.

8. Wape viumbe nafasi yao.
Mbugani dereva mzuri hamkimbizi chui kwa gari. Kwa pomboo wa Kizimkazi ni vivyo hivyo. Mwambie nahodha mapema kwamba hutaki kuwafukuza pomboo wala kuwazunguka, wakija wenyewe, vizuri. Kiti cha pweza usikitoe majini kwa ajili ya picha, na matumbawe usiyakanyage, kwa sababu yako hai. Makombe makubwa yanayouzwa ufukweni yaache, mengi hutolewa baharini yakiwa na kiumbe ndani. Na kama pomboo hawakuonekana, Kizimkazi ina msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Omba ruhusa, vua viatu, uingie.

9. Ukiweza safari moja tu, yafuate maji yako.
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Mito inayoteremka kutoka Meru na kunywesha mashamba yetu huingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani mto huitwa Pangani. Hupita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme Hale, kisha huingia baharini kwenye mji unaoitwa kwa jina lake. Basi letu hufuata karibu njia hiyo hiyo: Moshi, Same, Mombo, Segera, Muheza. Bahari haivukwi, wala nauli ya ndege haihitajiki.

Pangani yenyewe ni mji mdogo wenye habari nzito. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia hapo mwaka 1888, na hapo ndipo Abushiri mwenyewe aliponyongwa Desemba 1889. Siku ya bamvua, chukua boti asubuhi uende Maziwe, kisiwa cha mchanga kinachofunikwa chote maji yakijaa na kuibuka tena maji yakipwa. Kasa hutaga humo, na mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakazama. Ukibahatika utaviona vifaranga vikitambaa kwenda baharini.

Jioni yake, panda mashua mtoni, kati ya mikoko na minazi, hadi mlangoni mwa bahari. Waambie watoto wachote maji kwa kiganja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na kila shilingi unayoiacha Pangani inamfikia mvuvi, mama lishe, nahodha. Ila hapo mlangoni hata wewe si mgeni kabisa. Maji yaliyopita zamu yako shambani Kikwe yamekutangulia kufika.