Somo: Shaka ni Mshauri, Asiwe Mwamuzi



Wazee walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema, "Haraka haraka haina baraka." Nyingine inajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Sasa mtu mwenye uamuzi mzito afuate ipi?

Hapa Kulamawe hatuendi mbali kutafuta mfano. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mwanzoni kila mfugaji alijiuliza: niuze wanyama wangali na nyama, ama ningoje mvua ya hagaya? Wako waliosema, "Itanyesha tu." Hawakuwa na shaka, na hawakuuza. Wako waliojaa shaka, leo kuuza, kesho kungoja, mpaka mbuzi wakakonda na bei ikaanguka. Kumbe wote wawili walifika mahali pamoja.

Lakini mila ya Waborana inatufundisha njia ya tatu. Kabla ya kuhamisha ng'ombe, wazee hutuma watu wakaangalie malisho. Kazi hiyo huitwa aburu. Waliotumwa huangalia nyasi, maji, magonjwa na usalama. Wakirudi, wazee huwasikiliza, kisha huamua. Si kwamba wazee ni waoga, ila wanakubali kuwa hawajaona. Wala hawatumi watu mara kumi huku ng'ombe wakifa. Shaka yao ina miguu, na ina mwisho.

Tufanye vivyo hivyo nyumbani. Tuchukue mama mwenye mbuzi 12, na binti yake ameitwa sekondari. Auze mbuzi, ama angoje?

1. Aitaje shaka yake. Kusema "naogopa" hakutoshi. Anaogopa bei mbaya? Ukame? Ama binti hatamaliza shule?

2. Atafute majibu yanayopatikana. Aulize bei ya soko la Isiolo. Aulize shule kama inapokea karo kidogo kidogo. Asikilize taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame.

3. Aweke siku ya kuamua. Shule haitamngoja. Kutoamua pia ni kuamua, na hapo anayeamuliwa ni binti.

4. Apunguze hatari. Pengine mbuzi wachache wanatosha kwa muhula wa kwanza.

Hata hivyo itabaki shaka moja isiyo na jibu. Hakuna mtu wa kumhakikishia mvua. Hiyo ataibeba tu, aamue nayo.

Nasi watumishi wa jamii tukiri kosa letu. Mara nyingi mtu akisita kwenye mkutano tumesema, "Huyu anapinga maendeleo," kumbe ameona jambo ambalo sisi hatujaliona. Siku hizi tunajaribu kumuuliza kwanza: "Mama, unaona nini?"

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni lini shaka ilikuokoa? Ni lini ilikuchelewesha?

2. Katika nyumba zetu, nani anaruhusiwa kusema ana shaka? Nani hunyamazishwa?

3. Uko na uamuzi gani sasa? Utamtuma nani akaangalie, na siku ya mwisho ni lini?